Mtakatifu Kizito, Mtoto Aliyeomba Ubatizo

Njia ipitayo Mbezi Beach kwenda kaskazini humfikisha msafiri Bagamoyo. Huko Bagamoyo, mwaka 1878, Mapadre Weupe wa kwanza walifunga mizigo yao, wakaandamana na wapagazi kwenda bara hata Ziwa Nyanza. Mmoja wao alikuwa Padre Simeon Lourdel, kijana wa Ufaransa, ambaye Waganda walimwita Mapera. Tarehe 17 Februari 1879 alishuka katika nchi ya Buganda pamoja na Bruda Amans. Basi kwa safari hiyo, iliyoanza katika pwani yetu, habari ya Kristo ilimfikia mtoto aitwaye Kizito. Maisha yake twayaeleza hapa kwa ajili ya watoto wetu, na zaidi kwa ajili ya wale wawafundishao.

Kizito alizaliwa yapata mwaka 1872. Alipokuwa angali mdogo alipelekwa nyumbani kwa mfalme awe mtumishi, kwa kuwa kijana aliyelelewa pale alitazamiwa kupewa cheo akiwa mtu mzima. Mfalme alikuwa Mwanga, aliyemrithi baba yake Mutesa mwaka 1884.

Mapadre walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882, wakakaa Bukumbi, kusini ya Ziwa, wala hawakurudi mpaka mwaka 1885. Lakini dini haikuzimika. Waganda wenyewe walifundishana, mkubwa na mdogo, na katika nyumba ya mfalme Yosefu Mukasa ndiye aliyewaongoza vijana. Ndivyo Kizito alivyojifunza sala, akatamani kujua zaidi, na alipojua zaidi akatamani kubatizwa.

Hapo alikutana na kizuizi. Kardinali Lavigerie, mkuu wa Mapadre hao, alikuwa ameagiza watu wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo, wasije wakapokea leo wasilolielewa wakaliacha kesho. Agizo hilo lilikuwa jema. Kizito alikuwa mdogo kuliko wenzake, tena mafundisho yake yalikuwa hayajatimia. Alimwendea Mapera mara nyingi akimwomba, na kila mara Padre alimwambia angoje. Mtoto akaondoka, kisha akarudi tena.

Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa, kwa sababu alimkemea mfalme kwa ajili ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana. Hatari ilipokuwa imewakaribia hivyo, Mapadre waliwabatiza wengi waliokuwa tayari, na Karoli Lwanga alikuwa mmoja wao. Huyo ndiye aliyeshika mahali pa Mukasa kuwalinda vijana wa nyumba ya mfalme, wasitendewe machafu. Lakini Kizito alibaki akingoja.

Hata tarehe 25 Mei 1886 mfalme alirudi Munyonyo kutoka mawindoni, asiwaone watumishi wake. Aliwauliza, akapata kujua ya kuwa kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa Katikiro. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kijana kumfundisha mwenzake. Mfalme akamchoma kwa mkuki, naye Denis akamalizwa na wauaji.

Usiku ule Karoli Lwanga alijua ya kuwa asubuhi wataitwa hukumuni, na Padre hakuwapo. Akachukua maji, akawabatiza waliokuwa bado, miongoni mwao Mbaga Tuzinde, Mugagga, Gyavira, na Kizito mdogo. Alichokiomba Kizito siku nyingi alikipata gizani, kwa mkono wa mtu asiye padre, alipokuwa karibu na kifo.

Kesho yake mfalme aliwaamuru wale wasalio wasimame kando. Kizito akasimama pamoja na Karoli. Mapera, aliyekuja kuwaombea asipate nafasi, aliwaona wakipita wamefungwa kamba, na yule mtoto aliyemwambia angoje alikuwa miongoni mwao, mwenye furaha. Wakapelekwa Namugongo, wakawekwa siku kadhaa hata kuni zikakusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, Sikukuu ya Kupaa Bwana, wakachomwa moto, Waanglikana pamoja na Wakatoliki. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14.

Mwaka 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza wafiadini Wakatoliki 22 kuwa Wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwaandika katika hesabu ya Watakatifu.

Enyi walimu, tusimlaumu Mapera. Alichelea kumpa mtoto mzigo kabla ya nguvu, na mwalimu mwema huchelea hivyo. Lakini tujue ya kuwa miaka ya mtoto haitupimii kiu yake. Katika Mbezi, Kinondoni na Temeke wako wadogo wanaouliza Mungu yuko wapi, na kwa nini Yesu alikufa. Pengine huuliza wakati tuna haraka, nasi huwanyamazisha. Kumngojesha mtoto ubatizo kwaweza kuwa hekima, bali kumngojesha jibu ni hasara. Kizito aliweza kungoja kwa sababu, siku zote alizongoja, walikuwapo watu waliomfundisha.