Nani Alimwacha Nani?

Katika Kiswahili mume huoa na mke huolewa. Mume huacha na mke huachwa. Kila nifundishapo kauli ya kutendwa, wanafunzi wangu wa kike hunung'unika, nami huwatuliza kwa kuwakumbusha kwamba sarufi si hakimu. Waingereza hutumia kitenzi kimoja cha ndoa kwa mume na mke, na bado lawama ya talaka ilipata njia ya kumwelemea mke peke yake. Mfano wangu ni Lady Idina Sackville, aliyeolewa mara tano na kuachana mara tano, na ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita hapa Kenya.

Alizaliwa mwaka wa 1893. Babake alikuwa na cheo cha Earl De La Warr. Mamake alitoka katika ukoo wa Brassey, uliotajirika kwa ukandarasi wa reli. Cheo na fedha vilikutana, lakini havikudumu pamoja: wazazi hao walitalikiana mwaka wa 1902, binti akiwa na umri wa miaka tisa.

Mwaka wa 1913 aliolewa na Euan Wallace, mwanajeshi kijana ambaye baadaye alikuja kuwa waziri. Walijaliwa wana wawili, David na Gerard. Vita vikaja, mume akavutwa na wanawake wengine, na mwaka wa 1919 ndoa ikavunjika. Watoto walibaki kwa baba. Ikumbukwe kwamba sheria ya Uingereza wakati huo ilimtosheleza mume kuthibitisha uzinzi tu, ilhali mke alitakiwa kuuthibitisha uzinzi na kosa jingine juu yake. Upungufu huo ulirekebishwa mwaka wa 1923. Idina hakumwona David tena hadi mwaka wa 1934, mvulana akiwa tayari kijana wa miaka kumi na tisa.

Mwaka ule ule wa 1919 aliolewa na Charles Gordon, wakaja Kenya, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwagawia walowezi wa Kizungu ardhi ya watu wengine. Ndoa hiyo ilikwisha mwaka wa 1923. Kisha akaja Josslyn Hay, aliyemzidi Idina kwa sura labda, lakini si kwa fedha wala kwa umri: bibi alimtangulia kwa miaka minane. Wakaishi katika bonde la Wanjohi, chini ya Kipipiri, na karamu zao ndizo zilizolipa bonde hilo sifa mbaya ambayo watoto wa Nyandarua huisoma leo kwa mshangao. Walimzaa Diana mwaka wa 1926. Halafu Hay akamfuata mke wa mtu mwingine hadi Naivasha, na talaka ikafuata. Hapa, msomaji, hebu tuulize: aliyetoroka ni nani?

Wa nne alikuwa Donald Haldeman, kuanzia mwaka wa 1930 hadi 1938. Wa tano Vincent Soltau, aliyemwoa mwaka wa 1939. Sina mengi ya kusema juu yao. Yaliyo mazito yalitokea kando ya ndoa hizo. Januari 1941 Hay alipigwa risasi karibu na Nairobi, na mwaka huo huo Wallace akafariki. Gerard alikufa vitani mwaka wa 1943. David, ambaye mama alikuwa amempata upya baada ya miaka kumi na mitano, aliuawa Ugiriki mwaka wa 1944.

Mwaka uliofuata Nancy Mitford alichapisha riwaya ambamo mna mama anayewahama waume na kumwacha mtoto wake alelewe na jamaa. Wengi wanaamini kielelezo chake ni Idina. Lakabu aliyopewa mhusika huyo ni neno ambalo Waingereza hulitumia kwa farasi anayechomoka mbio na kumshinda mpandaji wake. Wallace na Hay hawakupewa lakabu yoyote ya namna hiyo. Idina alitalikiana na Soltau mwaka wa 1946, akafariki Novemba 1955, na lakabu ile bado inamwandama.