Alice Harris, mwanamke aliyepiga picha ya Nsala

Ile picha wengi wetu tumeiona, hata kwenye simu. Baba mmoja amekaa ukingoni mwa baraza, anaangalia mkono mdogo na mguu mdogo vilivyowekwa mbele yake. Baba huyo ni Nsala, wa kijiji cha Wala. Aliyempiga picha ni Alice Seeley Harris, na jina lake limesahaulika kuliko picha yenyewe.

Alizaliwa Uingereza, mji wa Malmesbury, tarehe 24 Mei 1870. Mwezi wa Mei 1898 aliolewa na John Harris, na siku 4 tu baada ya arusi wakapanda meli kuja Kongo, wote wawili wamisionari. Baadaye walikaa Baringa, kando ya mto Maringa, katika jimbo tunaloita leo Tshuapa. Alice alifundisha watoto na kuwapiga watu picha.

Baringa ilikuwa mikononi mwa kampuni ya ABIR, ambayo mfalme Leopold II aliipa haki ya kukusanya utomvu wa mpira. Kila mwanaume alipangiwa kipimo. Kikipungua, makapita wenye bunduki walikuja kijijini: wanawake wanafungwa, watu wanauawa. Risasi zilihesabiwa, na mkono uliokatwa njo ulikuwa ushahidi kwamba risasi haikutupwa bure. Tusidhani ni mambo ya mbali. Huku kwetu ilikuwa Dola ileile ya Leopold, na mwaka 1903 dhahabu ilikuwa imeshagunduliwa upande wa Kilo.

Tarehe 14 Mei 1904, John akiwa safarini, Nsala alifika misheni na kifurushi cha majani. Makapita walikuwa wameshambulia kijiji juu ya mpira kupungua. Walimwua mke wake, Bonginganoa, na mtoto wao Boali, msichana wa miaka kama 5. Ndani ya majani mlikuwa mkono na mguu wa Boali, basi. Alice alimwomba baba huyo akae barazani, akaenda kuleta kamera.

Hapa tusimame kidogo juu ya hiyo kamera. Mwaka 1905 mwandishi wa Marekani Mark Twain alitoa kitabu kidogo ambamo Leopold anailalamikia Kodak, na tangu hapo wengi wanafikiri Alice alikuwa na Kodak ndogo ya mkononi. Kumbe alitumia kamera ya vioo. Kamera ya namna hiyo ni sanduku la mbao lenye lenzi mbele. Katika zile kubwa, nyuma kuna kioo chenye ukungu ambapo mtu anaonekana kichwa chini, na mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi ili amwone vizuri. Kisha anaingiza shasi, yaani kifuniko chembamba kinachokinga kioo cha dawa kisipate mwanga. Picha moja, kioo kimoja. Halafu kinahitajika chumba cha giza, dawa, na maji safi yasiyo ya moto, maana kwenye joto la msitu ule utando wa dawa hulainika na kubanduka. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya kamera za zamani mara nyingi wanauziwa sanduku tupu, bila lenzi, bila shasi, bila kioo cha nyuma. Linapendeza kabatini, lakini picha halitoi. Kupata tena shasi inayolingana na sanduku njo kazi kubwa. Mama huyu alipaswa kuwa na vyote hivyo mkononi, katikati ya msitu, siku ileile Nsala alipofika.

Na bado kulikuwa na chombo kingine: taa ya kuonyesha picha ukutani. E. D. Morel alichapa picha ya Nsala kitabuni mwaka huohuo wa 1904, lakini taa iliipeleka kwa watu ambao vitabu havikuwafikia. Mwaka 1906 Alice na John walizunguka Marekani, mikutano zaidi ya 200 katika miji 49, watu wamekaa gizani wanatazama.

Wakongo wenyewe hawakungoja taa. Tume ya uchunguzi ilipofika Baringa mwisho wa 1904, chifu Lontulu aliweka mbele yake vijiti 110, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa. Kwa maoni yetu, vijiti vile vina uzito sawa na kioo cha Alice. Sisi wa Ituri tunaelewa: mwaka 2012 majaji wa The Hague walitumia kama ushahidi video iliyopigwa kambi ya Rwampara mwezi wa Februari 2003, lakini walisikiliza pia mashahidi.

Mwaka 1908 Leopold aliachia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Alice na mume wake walirudi mwaka 1911 kuangalia hali. John alipewa cheo cha heshima mwaka 1933, akafa 1940. Sifa nyingi zilimwendea yeye na Morel, ingawa vioo vilikuwa vya mke. Alice alifariki Novemba 1970, akiwa na miaka 100.

Picha zake zinatunzwa London na shirika la Anti-Slavery International. Mwaka 2014 zilionyeshwa katika mji huo pamoja na kazi za Sammy Baloji, mpiga picha wa kwetu Kongo, mtoto wa Lubumbashi.