Samuel Johnson na Vineno Vidogo vya Kingereza



Wengi kati yetu wanaogopa saa ya Kingereza juu ya jambo moja. Tunajua "to give" ni kutoa, tunajua "up" ni juu, lakini "to give up" si kutoa juu hata kidogo: ni kuacha, ao kukata tamaa. Halafu "to give in" ni kukubali kushindwa, na "to give away" ni kugawa bure ao kutoboa siri. Mmoja wa watu wa kwanza kuona vema taabu hii ya wageni alikuwa Samuel Johnson.

Alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Baba yake aliuza vitabu, lakini feza ilikuwa haba. Angali mtoto mchanga alishikwa na ugonjwa wa matezi ya shingo, na macho yake hayakuwa mazuri maisha yote. Mwaka wa 1728 aliingia Oxford. Nyuma ya miezi 13 hivi akarudi nyumbani bila diploma, sababu hakukuwa na feza ya kulipa. Akafungua shule pa Edial. Wanafunzi walikuwa wachache mno, ikafungwa. Mwaka wa 1737 akaenda London kutafuta maisha kwa kalamu yake.

Mwaka wa 1746 wauzaji wa vitabu wakapatana naye aandike kamusi kubwa kwa pauni 1575. Alifikiri atamaliza kwa miaka mitatu. (Kule Ufaransa, Akademi ya watu 40 ilianza 1635, na kamusi yao ikatoka 1694!) Yeye alikuwa na wasaidizi sita tu. Alisoma vitabu vya watu wengi, akapiga mstari chini ya neno kwa kalamu ya risasi, na wasaidizi wakanakili sentensi ile kwenye vipande vya karatasi. Hivyo maana haikutoka kichwani mwake tu. Ilitoka katika matumizi.

Na ndipo alipokutana na vile vineno. Aliona kwamba "to fall" ni kuanguka, lakini "to fall on" ni kushambulia, "to fall in" ni kukubaliana, na "to fall off" ni kuacha imani. "To break off" ni kukatisha kwa gafula. "To take off" aliandika kuwa ni kuiga. Ndege hazikuwako bado, basi maana tunayoijua sisi haikuwako pia. Kwa "to take" peke yake alipanga maana 134. Katika dibaji alieleza kwamba alizikusanya namna hizi kwa bidii juu ya wageni wanaojifunza, akikubali kwamba hawezi kuzimaliza, lakini mwenye kujua zile alizoandika ataweza kukisia zingine.

Sisi tunaona si jambo la ajabu sana. Katika Kiswahili tunageuza mkia wa neno: funga, fungua, fungia, fungana. Mungereza hagusi mkia, anaweka kineno nyuma. Tofauti ni kwamba mkia wetu mara nyingi una kawaida yake. Kineno chake kinageuka kila mara, na hapo ndipo tunapopoteza pointi.

Kazi ilikula karibu miaka tisa. Mwaka wa 1752 mke wake Elizabeth akafa, kamusi bado haijaisha. Ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, vitabu viwili vikubwa vyenye maneno zaidi ya 42.000. Oxford ikampa cheo muda kidogo kabla haijatoka, yeye aliyetoka kule mikono mitupu. Lakini umaskini haukumwacha mpaka 1762, mfalme alipompa pauni 300 kila mwaka.

Iko jambo lingine ambalo vitabu vya shule havisemi sana. Tangu 1752 aliishi naye kijana mweusi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani pa Jamaica. Johnson alichukia utumwa na alisema wazi mbele ya watu wasiotaka kusikia. Alimlipia Barber masomo, na alipokufa tarehe 13 Desemba 1784, wosia wake ulimwachia Barber sehemu kubwa ya mali. Johnson akazikwa Westminster Abbey. Barber akahamia Lichfield na jamaa yake, kisha akafundisha watoto katika shule ndogo karibu na hapo. Alikufa mwaka wa 1801.