Arch Oboler: Fundi wa Khofu ya Sikioni

Jina la Arch Oboler si maarufu kwetu, walakini Wamarekani waliokesha na redio zao katika miaka ya 1930 hawakulisahau. Huyu ndiye aliyewafanya watu wazima waogope kuzima taa.

Alizaliwa Chicago tarehe 7 Disemba, 1907, na wazazi wa Kiyahudi waliotoka Riga, Latvia. Mwaka 1936, hajatimiza miaka 30, alikabidhiwa Lights Out, kipindi cha michezo ya kutisha kilichoanzishwa na Wyllis Cooper mwaka 1934 na kutangazwa usiku wa manane. Vitisho vyake vilikuwa vya damu: kabichi ikipigwa panga mbele ya maikrofoni, msikilizaji husikia shingo ya mtu.

Oboler alianza kwa njia nyingine. Mchezo wake wa kwanza ulihusu msichana aliyepooza, akadhaniwa amekufa, akazikwa yu hai. Hamna zimwi wala jini. Ni mazishi na kimya tu. Barua za hasira zikamiminika. Hapo Oboler akatanabahi: kimya alichokiacha, kila msikilizaji alikijaza kwa khofu yake mwenyewe. Kwani ni nyumba gani isiyowahi kuzika? Tena jicho lina kope, waweza kulifumba. Sikio halina kifuniko.

Mwaka 1937 akaandika Chicken Heart. Moyo wa kuku uliotunzwa hai katika maabara wakua saa baada ya saa, wameza mji, kisha dunia. Wapo waliocheka. Lakini sisi tuliofunzwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, twamwelewa. Na huko Ulaya ufa ulikuwa wazi: Hitler alikwisha kushika Ujerumani tangu 1933. Vita vilipokaribia, Oboler aliigeuza kalamu ya vitisho kuwa kalamu ya maonyo, akaandika michezo mingi ya kuwapinga Manazi.

Baada ya vita aliingia katika sinema, na hapa kisa chake chafika mlangoni petu. Mwaka 1952 alitoa Bwana Devil, filamu juu ya simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa mwaka 1898. Simba wenyewe wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago, mji aliozaliwa yeye. Watazamaji walivaa miwani maalumu, na simba akaonekana kama anawarukia vitini. Wahakiki waliibeza, watu walifurika. Ila kwa maoni yangu, simba yule hakumfikia msichana wa kaburini. Filamu ilionyesha kila kitu, haikumwachia mtazamaji kimya cha kujaza.

Mwaka 1958 mwanawe wa miaka 6 alikufa maji katika shimo lililojaa maji ya mvua nyumbani kwao Malibu. Msiba waliomwandikia wasikilizaji mwaka 1936 sasa ulikuwa wake.

Oboler alifariki California tarehe 19 Machi, 1987. Sauti ya Chicken Heart ile ya 1937 haijapatikana mpaka leo. Hata hivyo, waliousikia mchezo ule utotoni waliendelea kuuhadithia miaka mingi baadaye, na moyo ule ukazidi kukua.