Josiah Wedgwood, Mfinyanzi wa Mguu Mmoja

Bwana Mhariri aliniandikia akinitaka nilete maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, kwa ajili ya ndugu zangu mlio darasani hivi sasa na sisi tuliokwisha kutoka. Najua wengi wamekwisha kuleta habari za majemadari na wafalme. Mimi naleta habari za mfinyanzi, Mwingereza, aliyekufa mwaka 1795. Sababu ya kumchagua yeye ni jambo lililonipata kazini, nami nitalieleza kwanza, tena kwa ufupi, maana halinipi sifa.

Nilipotoka shuleni nalipata kazi katika kiwanda cha sabuni, na baada ya miaka michache nikafanywa msimamizi wa zamu. Tulikuwa na mashine 2 na aina 9 za sabuni: ya mche ya kufulia, nyeupe ya kuogea, nyingine za rangi, kubwa kwa ndogo. Mimi ndiye niliyepanga leo mashine itoe ipi na kesho itoe ipi. Kila mwenye duka aliyepiga simu nilimridhisha siku ile ile, nikajiona hodari. Kumbe kila tulipobadili sabuni ilitupasa kusimamisha mashine, kuiosha isichafue rangi mpya, kubadili kalibu, na kutupa vipande vya kwanza visivyofaa. Mwisho wa miezi mitatu hesabu ikaonyesha hasara, na vibarua 11 wakaambiwa wasirudi Jumatatu. Hawakuwa wamekosa neno. Mkosaji nalikuwa mimi na karatasi yangu ya ratiba, nami sikufukuzwa. Ndipo nikaanza kutafuta habari za watu waliopatwa na taabu kama ile kabla yangu, na katika kusoma nikakutana na Josiah Wedgwood.

Alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, jimbo la Staffordshire, naye alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mfinyanzi. Baba akafa mwaka 1739, na mwaka 1744 kijana akatiwa uanagenzi kwa kaka yake mkubwa kwa muda wa miaka 5. Lakini alikuwa amekwisha kuugua ndui. Alipona, bali ugonjwa ulimwachia goti bovu la mguu wa kulia. Sasa, gurudumu la mfinyanzi wa siku zile liliendeshwa kwa mguu, na mtu asiye na goti zima hawezi kukaa nalo kutwa. Kwa hiyo alijitia zaidi katika kazi nyingine zote: kuchanganya udongo, kutengeneza kalibu, kutafuta maji mazuri ya kung'arishia vyombo, kuangalia moto. Nadhani goti lile ndilo lililomfanya aione kazi yote kwa pamoja, mahali ambapo wenzake waliona gurudumu tu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi pia. Alichimba udongo mwenyewe bondeni, akaukanda, akafinyanga leo mtungi wa maji, kesho chungu cha kupikia, kesho kutwa mtungi wa pombe, kama jirani alivyomwomba, kisha akavichoma vyote pamoja. Burslem ya ujana wa Wedgwood haikuwa mbali sana na hapo. Kila kiwanja kilikuwa na watu wachache, na kila mmoja aliruka kutoka kazi hii hadi ile. Jumatatu wengi hawakuonekana, na sikukuu ya kijiji ikifika walikunywa siku kadhaa mfululizo. Njia zilikuwa mashimo matupu. Vyombo vilichukuliwa mgongoni mwa farasi na vingi vilivunjika kabla ya kumfikia mnunuzi.

Mwaka 1754 Wedgwood alishirikiana na Thomas Whieldon, fundi aliyesifiwa sana, na huko akaanza daftari la majaribio yake. Kila jaribio alilipa nambari, akaandika udongo gani, dawa gani, na moto wa namna gani. Mwaka 1759 akapanga karakana yake mwenyewe pale pale Burslem. Baadaye akahamia nyingine kubwa zaidi, na watu wakaiita karakana ya kengele, kwa sababu aliwaita wafanyakazi kwa kengele, na wengine walikuwa wakitumia baragumu. Kazi yake iliyompa jina ilikuwa vyombo vya rangi ya maziwa, vyepesi, laini, visivyo ghali kama vile vya Uchina. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza seti ya chai, na toka hapo vyombo vile vikaitwa vyombo vya Malkia. Wedgwood alijua kwamba mke wa tajiri hutaka kunywea anachonywea Malkia, na mke wa mwenye duka hutaka kunywea anachonywea mke wa tajiri.

Mwaka 1762, akiwa safarini Liverpool, goti lilimwuma hata akalazwa kitandani, na daktari akamletea mgeni wa kuzungumza naye, mfanya biashara jina lake Thomas Bentley. Urafiki wao ulidumu mpaka Bentley alipokufa mwaka 1780. Bentley aliuza London, akamwandikia mwenzake watu wanataka nini, Wedgwood alitengeneza. Mwezi wa Mei 1768 madaktari waliukata mguu ule. Dawa ya kulaza mgonjwa haikuwako bado katika dunia, naye alikaa kitini akatazama. Baada ya majuma machache tu alikuwa amerudi katika kazi, na baadaye akatembea kwa mguu wa mti. Husimuliwa kwamba akiona chombo kibovu alikivunja kwa mguu ule ule.

Tarehe 13 Juni 1769 alifungua kiwanda kipya alichokiita Etruria. Siku hiyo Bentley alizungusha gurudumu na Wedgwood mwenyewe akafinyanga vyombo 6 vya mapambo. Hapa ndipo ningependa msomaji asiwe na haraka.

Kiwanda kilikuwa na sehemu mbili mbalimbali. Sehemu moja ilitengeneza vyombo vya kutumia, yaani sahani, bakuli, buli na vikombe, na msimamizi wake alikuwa binamu yake, Thomas Wedgwood. Sehemu ya pili, ya ushirika na Bentley, ilitengeneza mapambo. Hakuvichanganya. Kila fundi anajua kwamba udongo mweusi ukiingia katika ule mweupe chombo kimeharibika. Lakini zaidi ya hayo, mikono nayo huharibika. Mtu anayefinyanga sahani mia kwa siku hujifunza upesi na kipimo cha haki, na yule wa mapambo hujifunza kwenda polepole. Ukimhamisha huku na huku hupati sahani wala pambo. Basi Wedgwood alimpa kila mtu kazi moja: huyu hufinyanga, huyu huchonga kwa mashine, huyu hutia mikono ya vikombe, huyu huchovya katika maji ya kung'arisha, huyu hupanga tanuri, huyu hufungasha. Vyumba vilifuatana kama kazi ilivyofuatana. Mwezi wa Juni 1790 alikuwa na watu 278, wanaume, wanawake na watoto, na katika hao ni 5 tu wasiokuwa na kazi yao maalumu. Kengele ililia robo saa kabla ya mwanga kutosha kufanyia kazi. Kila mtu alikuwa na tikiti ya jina lake ya kuonyesha langoni kwamba amefika. Aliyecheza mpira kwenye kuta zenye madirisha alitozwa faini.

Lakini wateja walitaka vitu vya namna nyingi mno, na hapo ndipo shida yake ilipofanana na yangu. Dawa yake moja ilikuwa nzuri ajabu. Sahani zilitengenezwa Etruria kwa maumbo machache, nyeupe, zisizo na alama, kwa wingi. Rangi na maua ya ukingoni yalitiwa baadaye. Nyingine alizipeleka Liverpool kwa Sadler, aliyekuwa na ufundi wa kupiga chapa picha juu ya chombo. Nyingine zilikwenda katika nyumba ya wachoraji wake London, na mnunuzi alichagua mfano katika kitabu. Hivyo mtu alidhani kuna aina mamia, na tanuri lilijua chache tu. Kadhalika katika mapambo: chombo kile kile kiliweza kubandikwa sanamu hizi au zile, na kuwekwa juu ya kitako hiki au kile.

Ushahidi mkubwa ni seti aliyoiagiza Malkia Catherine wa Urusi mwaka 1773. Vipande vilikuwa 952, na juu yake zilichorwa picha zaidi ya 1,200 za nchi ya Uingereza, majumba, mito na milima, na chura mdogo wa kijani juu ya kila chombo, kwa kuwa mahali pa jumba la Malkia paliitwa kwa jina la vyura. Wengine wangetengeneza umbo jipya kwa kila dishi, wakafilisika. Yeye alitumia maumbo yake ya kila siku, kazi yote mpya ikawa ya kalamu ya mchoraji. Mwaka 1774 ilikwisha, ikaonyeshwa London kabla ya kusafirishwa. Malkia alilipa zaidi ya pauni 2,700. Faida haikuwa kubwa, lakini tangazo lile angelinunua kwa fedha gani?

Nimetangulia mbele kidogo. Nirudi mwaka 1772. Mwaka ule benki nyingi zilianguka, watu wakaacha kununua mapambo, na ghala la London likajaa. Wedgwood alikuwa na deni na wafanyakazi wa kulipwa kila Jumamosi. Akaketi na madaftari yake, akahesabu chombo kimoja kimoja: udongo wake, makaa yake, ujira wa kila mkono ulioligusa umbo lile, kodi ya nyumba, mshahara wa karani, kazi ya kutengeneza kalibu. Alichokiona si wengi waliokuwa wamekiona kabla yake. Gharama nyingine huongezeka chombo kinapoongezeka, kama udongo. Nyingine hazijali. Kodi na karani na kalibu huenda mbele kama mshale wa saa, ukitengeneza kimoja au mia. Basi chombo kinachotengenezwa vichache vichache hubeba mzigo wote peke yake, na hicho ndicho kilichokuwa kikimla. Toka hapo alitaka kila umbo litengenezwe kwa wingi kabla ya kuliacha, na bei ya mapambo ipunguzwe ili watu wa hali ya kati nao wanunue. Niliposoma habari hii usiku, nilisimama nikafungua karatasi zangu za sabuni. Sikulala tena.

Sisemi alikuwa malaika. Kiwandani mwake walikuwako watoto, na maji ya kung'arisha yalikuwa na risasi, sumu iliyowadhuru waliochovya. Mwaka 1783, wakati wa njaa, watu walizuia mashua ya chakula katika mfereji karibu na Etruria. Askari wakaja, na mtu mmoja akanyongwa. Wedgwood aliandika kijitabu cha kuwaonya vijana dhidi ya fujo. Mfereji ule alikuwa ameupigania yeye mwenyewe. Ulianza kuchimbwa mwaka 1766 ukamalizika 1777, na kwa ajili yake vyombo havikuvunjika tena njiani.

Mengine niyataje upesi. Baada ya majaribio maelfu alipata udongo mpya aliouita jasper, wa buluu wenye sanamu nyeupe, ambao hata leo humtambulisha. Mwaka 1782 alibuni kipimo cha joto la tanuri, akitumia vipande vya udongo vinavyosinyaa kwa moto, na mwaka 1783 akaingizwa katika Royal Society, jamii ya wataalamu.

Moja linatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1787 aliingia katika kamati ya kupinga biashara ya watumwa, akatengeneza kidani cha jasper chenye Mwafrika amepiga magoti, mikono imefungwa minyororo. Hakukiuza. Alivigawa bure, na mwaka 1788 akampelekea Benjamin Franklin huko Marekani. Wanawake walivitia katika vikuku na pini za nywele. Nami hukumbuka kwamba buli zake zilipata soko kwa sababu Waingereza walizoea chai yenye sukari, na sukari ile ililimwa na watumwa. Sijui kama alivitia vitu hivi viwili katika mizani moja. Hata hivyo kidani alikitoa, na wengi wenye mali kuliko yeye hawakutoa kitu.

Alikufa tarehe 3 Januari 1795, akaacha mali nyingi na watoto. Binti yake Susannah ndiye aliyemzaa Charles Darwin. Kiwanda cha Etruria kilifungwa mwaka 1950, kazi ikiwa imekwisha kuhamishiwa Barlaston.

Huku kwetu nalipima kila badiliko la sabuni kwa saa na kwa kilo zilizotupwa, nikampelekea meneja. Sasa tunaanza juma na nyeupe, twaingia za rangi hafifu, twamalizia na zile za rangi kali, ili mashine ioshwe sawasawa mara moja tu. Aina 3 tulizokuwa tukizitofautisha kwa kalibu sasa ni kalibu moja, na tofauti iko katika karatasi ya kufungia. Wenye maduka walinung'unika mwezi wa kwanza. Katika wale vibarua 11, wanne wamerudi. Wawili nilikwenda kuwatafuta kwao, nikaambiwa wamekwisha kuhama.