Althea Gibson kabla ya kombe

Atajwapo Althea Gibson, aghalabu picha inayotujia akilini ni ile ya mwaka wa 1957: mwanamke mweusi, mrefu wa kimo, aliyevaa mavazi meupe, akipokea zawadi ya Wimbledon mkononi mwa Malkia Elizabeth wa Pili. Picha hiyo ni ya kweli, ila yaweza kutupotosha. Yatufanya tudhani kwamba kipaji kilichomoza chenyewe kama jua, na dunia ikakipisha. Walimu wanaobishana kila muhula iwapo mwanafunzi hodari wa michezo aruhusiwe kuupa ubao kisogo wangefaidika zaidi kuyachunguza yale yaliyotangulia.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, jimbo la South Carolina, nchini Marekani. Wazazi wake walilima pamba katika ardhi isiyo yao. Mavuno yalipowavunja moyo, jamaa hiyo ilihamia Harlem, mjini New York, mwaka wa 1930. Huko mtoto Althea akawa mtoro wa kupindukia. Alikwepa masomo, akazurura mitaani, na babake akamfundisha ndondi ili aweze kujitetea. Kwa bahati, barabara waliyoishi ilikuwa ikifungwa mchana ili watoto wacheze, na mojawapo ya michezo hiyo ilikuwa aina ya tenisi ndogo inayochezwa kwa vibao vya mbao. Kufikia 1939, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa bingwa wa wanawake wa New York katika mchezo huo.

Mwanamuziki mmoja, Buddy Walker, ndiye aliyemwona na kumnunulia raketi kuukuu. Kisha majirani walichanga fedha akaingizwa katika klabu ya Cosmopolitan, ambako alifunzwa na Fred Johnson, mkufunzi mwenye mkono mmoja. Mwaka wa 1944 na tena 1945 alitwaa ubingwa wa wasichana wa chama cha tenisi cha Wamarekani weusi, kilichoundwa mwaka wa 1916 kwa sababu mashindano ya wazungu yaliwafungia milango.

Mwaka wa 1946 alifika fainali ya wanawake ya chama hicho, akashindwa. Nionavyo mimi, kushindwa huko kulimfaa kuliko ushindi mwingi alioupata baadaye. Miongoni mwa watazamaji walikuwamo madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, na Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia. Hawakumwahidi fedha. Walimwahidi makao na mazoezi, kwa sharti kwamba arejee shuleni. Wakati wa masomo angekaa kwa Eaton, na majira ya joto kwa Johnson, yule yule aliyekuja kumlea Arthur Ashe kimchezo.

Hebu mwalimu na afikirie uzito wa sharti hilo. Msichana wa miaka 19, aliyekwisha kuonja kazi na uhuru wa jiji kuu, alitakiwa kuketi darasani na watoto waliomzidi kwa nidhamu, tena katika majimbo ya Kusini ambako mtu mweusi alikaa nyuma ya basi. Alisitasita. Bondia Sugar Ray Robinson, aliyekuwa rafiki yake, alikuwa mmoja wa waliomhimiza aende. Akaenda. Mjini Wilmington viwanja vya umma vilikuwa vya wazungu, kwa hiyo alijizoeza katika uwanja uliokuwa nyumbani kwa Eaton. Alihitimu shule ya upili ya Williston mwaka wa 1949, akapokewa katika chuo cha Florida A&M, alikopata shahada yake mwaka wa 1953.

Kufikia hapo alikuwa ameutwaa ubingwa wa wanawake weusi mwaka baada ya mwaka tangu 1947, lakini mashindano ya taifa ya Forest Hills yalibaki ndoto. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumkataza. Ilitosha kwamba mchezaji alihitaji kwanza kujithibitisha katika mashindano ya vilabu, na vilabu vya wazungu havikumwalika. Ubaguzi wa namna hiyo ndio mgumu kupingwa, kwa kuwa hauna mwenyewe wa kushtakiwa. Mnamo Julai 1950 Alice Marble, mzungu aliyekuwa bingwa wa zamani, aliandika makala makali gazetini akiwasuta wenzake kwa unafiki huo. Klabu moja ya New Jersey ilimkataa Althea hata baada ya makala hayo. Nyingine ikamkaribisha, na mwezi Agosti akaingia Forest Hills, mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Alishinda mchezo wa kwanza. Katika wa pili alikabiliana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo. Althea alipoteza seti ya kwanza 1-6, akatwaa ya pili 6-3, na katika ya tatu alikuwa akiongoza 7-6 dhoruba ilipozuka. Radi ikaangusha sanamu ya tai iliyokuwa juu ya uwanja. Kesho yake, baada ya kukesha na wasiwasi, alipoteza gemu tatu mfululizo, seti ikaisha 9-7.

Miaka mitano iliyofuata haikuwa ya fahari. Alifundisha mazoezi ya viungo katika chuo cha Lincoln, Missouri, na nusura ajiunge na jeshi. Ziara ya Asia aliyotumwa na serikali yake mwaka wa 1955 ndiyo iliyomrudishia ari. 1956 akashinda mashindano ya Ufaransa, na 1957 pamoja na 1958 akatwaa Wimbledon na ubingwa wa Marekani.

Wachezaji wa ridhaa hawakulipwa, na kombe haliliki. Hivyo akaingia tenisi ya kulipwa, na mwaka wa 1959 bingwa huyu wa dunia alikuwa akicheza maonyesho katika kumbi za mpira wa vikapu, kuwaburudisha waliokuja kuwatazama Harlem Globetrotters. Mashindano makubwa yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa, mwaka wa 1968, alikuwa na umri wa miaka 40.