Charcot, tabibu aliyechunguza mtu aliyepotewa na nyuso

BINADAMU hutambua uso wa mzazi, mwana au jirani kwa kufumba na kufumbua, wala hajiulizi ni kwa njia gani. Jean-Martin Charcot, tabibu mashuhuri wa Ufaransa, ni miongoni mwa waliotangulia kueleza yanayompata mtu uwezo huo unapomtoka.

Charcot alizaliwa jijini Paris mnamo Novemba 29, 1825, akiwa mwana wa mtengenezaji wa magari ya farasi. Alijaliwa kipawa cha uchoraji, na jicho hilo la mchoraji lilimfaa baadaye katika udaktari.

Mnamo 1862 alikabidhiwa idara katika hospitali ya Salpêtrière, iliyojaa maelfu ya wanawake wakongwe, maskini na wagonjwa. Pahali hapo palipopuuzwa, Charcot alipageuza kitovu cha utafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu. Sigmund Freud ni miongoni mwa waliosomea kwake.

Mnamo 1883 alichapisha habari za mfanyabiashara msomi aliyekuwa na kumbukumbu ya ajabu ya mambo aliyoyaona. Ghafla, kumbukumbu hiyo ilitoweka. Sura za mkewe na wanawe hazikumjia tena mawazoni. Siku moja alikaribia kumwomba radhi mtu aliyemzibia njia, kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo!

Mgonjwa huyo alihofia kuwa anarukwa na akili. Charcot alibaini kwamba akili yake ilikuwa timamu, na kwamba kumbukumbu ni za aina mbalimbali. Moja yaweza kupotea na nyingine zikasalia.

Hata hivyo, hakukosa dosari. Nadharia zake kuhusu histeria zilikosolewa vikali na nyingi zikatupiliwa mbali baada ya kifo chake, mnamo Agosti 16, 1893.

Mnamo 1947, daktari Mjerumani Joachim Bodamer aliipa hali ya kutotambua nyuso jina la prosopagnosia. Mnamo 1997, Nancy Kanwisher na wenzake nchini Marekani walionyesha sehemu ya chini ya ubongo, hasa upande wa kulia, inayochangamka zaidi mtu aonapo uso kuliko aonapo vitu vingine.

Wapo wanaozaliwa na hali hiyo, na wapo wanaoipata baada ya kiharusi au kuumia kichwa. Hao hutegemea sauti, mwendo na mavazi ili kuwajua jamaa zao. Kwa hivyo, anayekupita njiani bila salamu huenda hana maringo. Pengine ubongo wake haukumwambia kwamba ni wewe.